Shamba Lisilo na Matuta

Leo tuanze na kitu ambacho huenda mwanao anacho mdomoni hivi sasa: ubuyu. Ule mwekundu, uliopikwa kwa sukari na rangi, ukatiwa hiliki na pilipili kidogo, unaouzwa Darajani kule Unguja na katika kila duka la mtaani hapa Dar es Salaam. Mtoto anaunyonya mpaka utamu uishe, kisha kokwa anaitema. Sasa huko bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, wapo watoto wa umri huohuo ambao mama zao hawakubali kokwa ipotee. Ubuyu mkavu hupondwa juu ya jiwe, unga na kokwa pamoja, ukapepetwa, ukachanganywa na maji. Yale mafuta na protini yaliyojificha ndani ya kokwa yanaingia tumboni. Sisi tunakula sukari na kutupa chakula.

Nazungumzia Wahadzabe. Ni watu wachache, wanakadiriwa kuwa zaidi kidogo ya 1,000, na makazi yao ni pembezoni mwa Ziwa Eyasi, pale mikoa ya Arusha, Manyara, Singida na Simiyu inapokaribiana. Lugha yao, Kihadzane, ina vidoko vinavyotolewa kwa kubana na kuachia ulimi, na wanaisimu hawajaipatia ndugu yeyote duniani. Wengi wao leo wanachanganya maisha: ugali kidogo, kibarua kidogo, pori kidogo. Lakini bado wapo ambao sehemu kubwa ya chakula chao hutoka porini, mwezi hadi mwezi.

Sasa sikiliza namna tunavyowaeleza. Vitabuni, mashuleni, hata katika vipindi kama hiki, Mhadzabe huelezwa kwa yale asiyokuwa nayo. Halimi. Hafugi. Hana ghala. Hana nyumba ya kudumu. Ukimaliza orodha hiyo unajikuta umemwonea huruma, na mtu akishaonewa huruma, kinachofuata ni kuamuliwa mambo yake. Mimi leo nataka tutaje anavyovila, na vinakotoka. Hoja yangu ni moja, nami naisema mapema: watu hawa wanapokonywa ardhi kwa sababu chakula chao hakiachi matuta.

Chakula chenyewe kimekaa katika mafungu matano: viazi pori, ubuyu, matunda madogo ya porini kama yale ya mkole, nyama, na asali. Kila fungu lina wajuzi wake.

Tuanze na viazi. Asubuhi wanawake wanatoka kambini kwa pamoja, vichanga mgongoni, watoto wakubwa nyuma, na kila mmoja ana mti mgumu mkononi, uliochongwa ncha na kukaushwa kwa moto. Wakifika penye mmea wenyewe, mama anagonga ardhi kwa ule mti, anasikiliza, anagonga tena kando kidogo. Mlio wa ardhi unamwambia kama chini pana kiazi na kama kinastahili jasho lake. Kisha anachimba, mara nyingi katikati ya mawe, akiyang'oa moja moja. Kiazi kinachotafutwa sana wao hukiita ekwa, kwa kidoko mbele yake. Moto unawashwa palepale, viazi vinalazwa juu ya makaa kwa dakika chache tu, vinamenywa, vinatafunwa. Maji na utamu vinamezwa, nyuzi zinatemwa. Wakishashiba, vinavyobaki vinafungwa nguoni na kurudi kambini kwa wengine.

Katika kundi hilo la wachimbaji, mtazame bibi. Katika miaka ya 1980 watafiti watatu, Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, walikaa na Wahadzabe wakipima nani analeta nini. Waliona kwamba wanawake wazee, waliokwisha kupita umri wa kuzaa, walichimba kwa saa nyingi kuliko mabinti zao. Na mama anapokuwa na kichanga, asiweze kuchimba kama kawaida, uzito wa watoto wake waliokwisha kuachishwa ziwa ulifuatana na kazi ya bibi yao. Kutokana na hayo ikazuka nadharia inayojadiliwa mpaka leo katika vyuo vikuu, kwamba huenda binadamu anaishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa kwa sababu bibi alilisha wajukuu. Msikilizaji, wewe uliyelelewa na bibi hushangai. Lakini ushahidi umetoka Eyasi, kwenye ncha ya mti wa kuchimbia.

Haya, tuje kwenye asali. Ukiwauliza Wahadzabe chakula gani wanakipenda kuliko vyote, wanaume kwa wanawake hujibu asali, na viazi pori huwekwa mwisho. Viazi vinaheshimiwa kwa sababu vipo mwaka mzima. Asali inapendwa kwa sababu ni asali. Na njia ya kuipata ndiyo inayoniacha kinywa wazi kila ninapoisoma.

Kuna ndege mdogo wa rangi ya kijivu na hudhurungi, anayeitwa mlembe. Huyu hula nta na majana ya nyuki, lakini hawezi kuvunja mti, na nyuki wakali wanaweza kumuua. Binadamu anaweza kupasua mti na kuwafukiza nyuki kwa moshi, lakini hajui mzinga uko wapi. Basi Mhadzabe anapiga mluzi. Mlembe akisikia anajibu kwa kelele zake, anaruka mti hadi mti, anamsubiri mtu amfikie, anaruka tena, mpaka kwenye mbuyu wenye nyuki. Mwindaji anachonga vigingi vya mti, anavigongomea kwenye shina kimoja juu ya kingine, na kupanda juu yavyo kama ngazi, kijinga cha moto kikitoa moshi mkononi. Utafiti ulioongozwa na Brian Wood na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba Mhadzabe anayefuata ndege huyu hupata mizinga kwa kasi ya zaidi ya mara 5 kuliko anayetafuta peke yake.

Halafu mwaka 2023, katika jarida la Science, Wood na mwenzake Claire Spottiswoode wakaeleza jaribio walilofanya sehemu mbili: vilima vya Kidero karibu na Eyasi, na hifadhi ya Niassa kaskazini mwa Msumbiji, wanakoishi Wayao. Wayao hawamwiti ndege huyu kwa mluzi. Wao hutetemesha midomo na kumalizia kwa mguno. Watafiti wakarekodi sauti zote mbili na kuzipiga porini. Huku Eyasi, mlembe aliitikia mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara 3 kuliko wito wa Wayao, na kule Niassa ikawa kinyume chake. Maana yake ndege wa kila mahali amejifunza lugha ya watu wa mahali pake. Naomba ulitunze jambo hili: ujuzi huu wa chakula umo kwa watu na umo pia ndani ya pori lenyewe. Ukimhamisha Mhadzabe maili mia moja ukampa pori jingine zuri, ndege wa huko huenda asimwitikie.

Nyama nitaigusa tu, kwa sababu ndiyo inayopigwa picha na watalii kila siku. Mwanaume huwinda kwa upinde, mara nyingi peke yake, na mishale ya wanyama wakubwa hupakwa sumu ya mimea. Vichwa vya chuma vya mishale hiyo hupatikana kwa wahunzi wa Kidatoga, kwa kubadilishana na vitu kama asali na nyama. Mnyama mkubwa akianguka, nyama inagawiwa kambi nzima, na viungo fulani ni vya wanaume waliokwisha kuingizwa katika mila inayoitwa epeme. Mwindaji hana haki ya kuificha. Ndiyo maana siku ambayo mmoja amerudi mikono mitupu, watoto wake wamekula.

Sasa unganisha mafungu hayo matano uone ujanja wake. Wakati wa mvua miti inachanua, nyuki wanajaza, asali inakuja. Kiangazi wanyama wanabanana kwenye maji machache yaliyobaki, wawindaji wanawavizia usiku. Matunda yana misimu yake, ubuyu una wake, na vyote vikikataa, viazi vipo chini vinasubiri. Mkulima wa mahindi anaweka mwaka wake wote kwenye mvua moja. Mvua ikikata mwezi Februari, amekwisha. Kwa Mhadzabe kukosekana kwa kimoja hakuangushi vingine. Watafiti walioishi nao kwa miaka mingi hawakukuta kumbukumbu za njaa kuu kwao kama zile tulizonazo sisi wakulima. Kinyume chake, kuna habari za wakulima wa jirani ambao mazao yalipowaharibikia walihamia kwa Wahadzabe, wakalishwa. Anayepelekewa unga wa msaada leo ndiye aliyekuwa mlishaji jana.

Na kiafya? Nyuzinyuzi ambazo daktari wako anakusihi uzile, angalau gramu 25 kwa siku, Mhadzabe wa porini huweza kula gramu 100 na zaidi. Kwa hiyo wanasayansi wa mataifa wamefika hadi Yaeda kuchunguza bakteria wa tumboni mwao, na wamewakuta wa aina nyingi kuliko wa watu wa mijini.

Basi kama chakula ni kingi namna hii, shida iko wapi? Shida ni hii. Katika sehemu kubwa ya nchi yetu, mtu hujipatia ardhi kwa kufyeka. Babu alifyeka pori, akachoma, akalima, pakawa pake. Alama ya umiliki ni jembe: matuta, mipaka ya minyaa au mikonge, migomba, kaburi la mzee. Mtu ambaye chakula chake kinahitaji mti usimame, nyuki wasisumbuliwe na nyasi zisiliwe na ng'ombe zikaisha, huyo hafyeki. Akipita mtu mwingine hapo anaona nini? Anaona pori tupu.

Na sheria nayo imeona hivyohivyo. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, inapoeleza ardhi ya jumla, ile ambayo serikali inaweza kuigawa, inajumuisha humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Isiyotumika! Hebu nenda Yaeda mwezi wa Agosti, mtafute mtu wa kukuonyesha matumizi. Hakuna uzio, hakuna ghala, hakuna hata jani lililokatwa. Matumizi ni kiazi kilicho chini ya jiwe, mzinga ulio ndani ya mbuyu, na njia ya swala kwenda majini. Ofisa mwenye ramani havioni.

Matokeo yake yanajulikana. Upande wa Mang'ola, wilayani Karatu, chemchemi zilizokuwa zikinywesha wanyama sasa zinamwagilia vitunguu, vile vinavyosifiwa mpaka Nairobi. Wafugaji wameingia na mifugo yao kutafuta malisho baada ya wao wenyewe kusukumwa kutoka kwingine. Ng'ombe wakitawala maji, swala anahama. Mkole ukikatwa, matunda yamekwenda, na maua ya nyuki yamekwenda. Hakuna aliyetangaza vita dhidi ya chakula cha Wahadzabe. Kila mmoja amechukua kipande tu ambacho, machoni pake, hakikuwa cha mtu.

Na serikali, tangu enzi za Waingereza, zilijaribu mara kadhaa kuwakusanya na kuwafundisha kulima. Katikati ya miaka ya 1960 wengi walipelekwa Yaeda Chini wakapewa chakula, jembe na zahanati. Kukaa pamoja kwa wingi vile hawakukuzoea. Maradhi yakawaingia, baadhi wakafariki dunia, na waliobaki wengi wakarudi porini kwao. Nia ilikuwa njema, mimi sina shaka nayo. Lakini aliyepanga mpango alianza kwa kudhani kwamba hawa hawana chakula.

Najua msikilizaji mmoja ananijibu huko aliko: "Mtangazaji, unataka wabaki porini wapigwe picha?" La. Wapo Wahadzabe waliosoma mpaka chuo kikuu, wapo wanaotaka shule, dawa na simu kama wewe na mimi, na ni haki yao. Utalii wenyewe, ule wa kulipia onyesho la uwindaji asubuhi moja, umewaletea fedha na umewaletea pombe pia. Kijana wa Kihadzabe akiamua kulima vitunguu, alime. Ninachokataa ni kuamuliwa kwa njia ya mlango wa nyuma, pori likaishia mikononi mwa wengine, kisha tukasema wameacha mila zao kwa hiari. Wala sitamlaumu mkulima wa Mang'ola. Ana watoto, ana mkopo, na soko linamngoja. Yeye hakuandika sheria.

Je, lipo la kufanya? Lipo, na limekwisha kuanza. Mwezi Oktoba mwaka 2011, kwa kutumia Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, Wahadzabe wa Yaeda walipewa hati ya hakimiliki ya kimila kwa pamoja, kama jamii, ya zaidi ya hekta 20,000. Mpaka wakati huo hati hizo tulizoea kuziona mikononi mwa mtu mmoja mmoja, na ekari zake za mahindi. Safari hii karatasi ya serikali ikakiri kwamba kuchimba viazi na kupasua mizinga ni kutumia ardhi. Baadaye ukaja mradi wa hewa ukaa, ambapo jamii inalipwa kwa kutoruhusu miti yake ikatwe, na fedha hiyo inalipa walinzi wa kijiji, karo na matibabu. Mradi kama huo una maswali yake, hasa siku bei ya hewa ukaa ikishuka. Hata hivyo umefanya jambo moja ambalo wizara zetu hazikuwahi kulifanya: umeupa mti uliosimama thamani inayoandikika kwenye daftari.

Jambo la pili limetokea Arusha, mji ambao watu wa Karatu huenda na kurudi siku hiyohiyo. Pale pana Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama hiyo ilitoa hukumu katika shauri la Waogiek wa msitu wa Mau dhidi ya serikali ya Kenya. Waogiek nao ni watu wa asali. Huning'iniza mizinga ya magogo juu ya miti, na msitu ndio ulikuwa jiko lao, mpaka mwaka 2009 walipopewa siku 30 wahame kwa hoja ya kulinda chanzo cha maji. Mahakama ilisema hoja hiyo haitoshi, maana walioharibu Mau si Waogiek. Kisha ikasema jambo ambalo nadhani wanasheria wetu hawajalisoma kwa makini: kwamba Kenya ilivunja kifungu cha 21 cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, kwa sababu Waogiek walinyimwa haki ya kufaidi wingi wa chakula kinachozalishwa na ardhi ya mababu zao. Mwezi Juni 2022 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi za Kenya 157,850,000.

Sikia hapo vizuri. Majaji hawakusema Waogiek wapelekewe unga. Walisema msitu ule unazalisha chakula, kwa wingi, na chakula hicho kina wenyewe. Hukumu ile inaibana Kenya, lakini mkataba ni uleule ambao Tanzania nayo imeuridhia.

Nimalizie kwa kazi, kwa sababu mazungumzo yasiyoacha kazi ni porojo. Vijiji vingi nchini sasa hivi vinapanga matumizi bora ya ardhi. Maofisa wanakuja na ramani zenye rangi: kijani cha msitu, njano ya mashamba, hudhurungi ya malisho, na mara nyingi panabaki eneo jeupe linaloitwa akiba. Popote penye watu wa namna hii, wawe Wahadzabe, wawe jirani zao wowote wanaotegemea mizinga na matunda ya porini, eneo hilo jeupe ndilo lenye hatari. Mkutano mkuu wa kijiji una mamlaka ya kulikataa. Wewe unayehudhuria mkutano huo, kabla hujanyoosha mkono kupitisha, uliza nani anakula katika eneo lile, na katika miezi gani. Taka jibu liandikwe kwenye muhtasari: viazi mwaka mzima, asali wakati wa mvua, ubuyu kiangazi. Likishaandikwa, hakuna ofisa atakayeweza kusema tena kwamba ardhi ile haikuwa ikitumika.